Kutoka daftarini hadi jukwaani: mwongozo kamili wa mshairi wa kughani anayeanzia Mwanza

Shairi lililonifundisha kazi hii nililighani chini ya bati, Buzuruga, mwezi wa Novemba. Nilikuwa ubeti wa pili mvua iliposhuka. Anayeijua vuli ya Mwanza anajua kwamba bati likipigwa namna ile, kipaza sauti hakifui dafu. Nikanyamaza. Mpiga ngoma mmoja aliyekuwa akisubiri zamu ya kikundi chake akasogea, akaanza kupiga kwa mkono mmoja, taratibu, kama anayeijibu mvua. Nikaanza upya nikiufuata mkono wake. Maneno mengine nikayaacha, kibwagizo nikakirudia mara nne badala ya moja. Shairi lililotoka pale silo nililoandika. Lilikuwa bora, na tangu siku ile sijalirudisha lilivyokuwa.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi mapema. Shairi la kughani linaiva mikononi mwa watu wengine. Ukishirikiana na msanii na shairi lako likabaki vilevile, hujashirikiana naye, umemkodi tu. Hatua zote zilizo hapa chini zinakuandaa kwa jambo hilo: uwe na shairi lenye mifupa, kisha uwe tayari kuona mwenzako akilivisha nyama usiyoitarajia.

Mwezi wa kwanza: sikiliza

Nunua daftari linaloingia mfukoni. Kwa siku 30 usiandike shairi hata moja. Andika maneno ya watu, na mwendo wa maneno hayo. Nenda Mwaloni Kirumba kabla jua halijachomoza, wakati magunia ya dagaa yanashushwa. Panda kivuko cha Kamanga na ukae karibu na wachuuzi. Simama stendi ya Nyegezi usikilize wapiga debe wanavyoivuta irabu ya mwisho ya jina la mji wanaouita, na wanavyokata pumzi kabla ya kutaja nauli. Wale ni walimu wa kughani, na hawatozi ada.

Usimrekodi mtu kwa simu bila kumwomba. Salimia kwanza. Kwa mzee, shikamoo na uketi. Kwa mama wa Kisukuma anayetandaza dagaa asubuhi, "mwangaluka, mayu" itakufungulia mazungumzo ambayo maswali kumi hayatayafungua. Mimi hununua kitu kidogo kabla ya kuuliza lolote, kwa sababu muda wa mtu aliye kazini ni fedha yake.

Katika mwezi huo jifunze pia jinsi kazi ya ziwa inavyokwenda, maana mshairi asiyejua kazi huandika maji ya bluu na machweo. Mfano mmoja unatosha. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za umeme wa jua au betri. Mwanga huwavuta dagaa juu, kisha nyavu huwazunguka. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa lote lina mwanga na taa ya mvuvi haina nguvu tena, kwa hiyo mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa kila mwezi. Maisha ya mwalo mzima, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, madeni, ada za shule na hata harusi, hufuata mwezi. Jambo moja kama hilo, ukilielewa mpaka chini, lina mashairi kumi ndani yake.

Na lafudhi yako usiioshe. Nimewasikia vijana wa hapa wakighani kwa sauti ya kuigiza Dar es Salaam, na ubeti wa tatu sauti yao halisi inarudi yenyewe. Irabu ndefu za Kisukuma ni hazina kwa mtu wa jukwaani.

Mwezi wa pili: andika kwa mdomo

Sasa andika, lakini kalamu ije ya mwisho. Tembea na wazo, liseme kwa sauti mara kumi au ishirini, na uandike kile tu ambacho mdomo umekikubali. Chochote kinachokukwaza ukikisema polepole kitakuangusha jukwaani.

Nitakuonyesha kwa mistari yangu, maana maelezo matupu hayasaidii. Nilianza hivi:

Ziwa letu ni zuri na linatupatia riziki,
lakini siku nyingine maisha huwa magumu.

Hakuna uongo hapo, na hakuna shairi. Mistari hiyo ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kunusa dagaa. Nikarudi kwenye daftari, kwenye ukurasa wa mbalamwezi, nikajilazimisha kutumia mizani: kila mshororo silabi 16, nane upande wa kwanza na nane upande wa pili, na vina kati na mwisho:

Mwezi ukijaa juu, sufuria hukauka,
kwa baba ni sikukuu, mama anahangaika.

Hesabu kwa vidole: mwe-zi-u-ki-ja-a-ju-u. Nane. Mizani ilinifukuza kutoka kwenye "zuri" na "magumu", kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo na ilinibidi nitafute kitu kinachoonekana. Nikapata sufuria. Nikapata pia jambo ambalo sikulikusudia: kwamba mapumziko ya mvuvi si mapumziko ya mkewe.

Kisha nikaivunja mizani, nikaandika kwa ajili ya jukwaa:

Mwezi umejaa.
Sufuria imekauka.
Baba amelala mchana, ana haki, amechoka.
Mama anahesabu vichanja.
Vitupu.
Anavihesabu tena.

Vichanja ni meza za kuanikia dagaa. Toleo hili la tatu ndilo ninalolighani. Lakini lisingezaliwa bila la pili. Ndiyo maana nashauri kila anayeanza aandike walau mashairi kumi yenye vina na mizani kamili kabla ya kuviacha. Kuna watakaokuambia shairi lisilo na vina si shairi, na wengine watakuambia vina ni kifungo. Mabishano hayo ni ya zamani, na mmoja wa waliokuwa katikati yake alitoka ng'ambo ya maji haya. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, alichapisha mwaka 1974 diwani ya "Kichomi" yenye mashairi huru, na watetezi wa kanuni za jadi walimpinga vikali. Nayataja haya kwa sababu mshairi kijana wa Mwanza hana haja ya kuomba ruhusa mahali popote ili aandike kwa uhuru. Ana haja ya kujua anachokiacha, basi.

Shairi la jukwaani lisizidi dakika nne. Kwa mwendo wangu, dakika moja hubeba maneno kama 80 hadi 100, nikihesabu na vituo vya kunyamaza. Pima la kwako kwa saa, usikadirie.

Kuhusu misiba ya ziwa

Utataka kuandika kuhusu meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza kidogo kufika bandari ya Mwanza, au kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kila mshairi wa hapa hufika huko. Fika, lakini kwa miguu ya mtu anayeingia matangani. Nenda Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, ukae kimya kabla ya kuandika neno. Ukizungumza na aliyefiwa, msomee shairi yeye kwanza, peke yenu, na akisema mstari fulani uondoke, uondoe bila kumbishia. Usighani shairi hilo ili kushinda shindano. Katika hili sina nafasi ya mjadala: ukumbini mwaweza kuwa na mtu aliyempoteza mama yake humo, nawe huwezi kumjua kwa kumtazama.

Sauti, pumzi na upepo

Kariri. Kusoma kwenye simu huku kioo kinakumulika usoni kunavunja uzi kati yako na watu. Kukariri kwa urahisi, funga kila ubeti na mahali: ubeti wa kwanza uko getini, wa pili kwenye kona ya duka, wa tatu chini ya mwembe. Tembea njia hiyo ukighani mpaka miguu ikumbuke.

Pumzi ichotwe tumboni. Panda mawe ya Capri Point asubuhi ukighani huku unapanda: mahali utakapoishiwa pumzi ndipo sentensi ni ndefu mno. Ikate hapo.

Ukighani nje, karibu na ufuko, uchague upande wako. Mchana hadi jioni upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Ukiligeuzia ziwa mgongo, upepo unaibeba sauti yako hadi kwa wasikilizaji, na ukisimama kinyume unaimeza. Usiku sana upepo hugeuka. Kipaza sauti kishike umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, kikae upande kidogo, la sivyo kila "p" na "b" itapasuka kama puto. Maji ya uvuguvugu kabla, soda ya baridi baada.

Jukwaa la kwanza

Usisubiri ualikwe. Anza na watu kumi: sebule ya rafiki, darasa baada ya masomo, kibaraza cha kinyozi. Malimbe, penye wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, utapata wasikilizaji wachanga na wakosoaji wasio na huruma, na unawahitaji wote wawili. Ukitaka kughani mwaloni, panga siku za mbalamwezi: wavuvi wako nchi kavu na wana muda. Ukienda siku za giza utawakuta wamelala mchana kutwa, jioni wanaandaa taa na mafuta. Omba ruhusa kwa viongozi wa mwalo mapema. Na usighani kuhusu nyavu haramu ukiwa mgeni wa siku ya kwanza, watadhani umetumwa.

Baada ya kughani usiulize "mmeonaje?" Watakusifu. Uliza: "mnakumbuka mstari gani?" Mstari uliokumbukwa na watatu ubaki. Kama hakuna aliyekumbuka hata mmoja, rudi mezani.

Kumtafuta mwenzako

Hapa ndipo nilipochelewa mimi, na ndipo ninapotaka ukae zaidi.

Anza kwa kwenda kuona, si kwa kuandika ujumbe. Kila mwaka, sikukuu ya Ekaristi inapofika, aghalabu Juni, pale Bujora, Kisesa, penye makumbusho ya Wasukuma, hufanyika Bulabo, tamasha la ngoma. Vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana, na ushindani wa jadi wa pande hizo mbili una kanuni ambayo kila mshairi aitazame kwa macho yake: vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu huhamia kwa anayewavuta. Kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Kiongozi wa kikundi, wanayemwita ningi, hutunga nyimbo akijua kwamba mistari mitatu tu ikilegea, uwanja wake utabaki vumbi. Nilisimama pale nikaelewa kwa nini mashairi yangu yalikuwa na utangulizi mrefu mno.

Ukimpata mpiga ngoma unayemtaka, mazoezi yawe hivi. Siku ya kwanza usighani kabisa. Mwache apige anachokipenda, wewe usikilize na utembee. Siku ya pili mpe maana ya shairi kwa mazungumzo ya kawaida, kama unavyomsimulia ndugu, usimpe karatasi. Mwulize: "hapa ungepiga nini?" Siku ya tatu ndipo ughani, naye apige, na mjirekodi kwa simu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama hata mkikosea. Sikilizeni pamoja. Utagundua kuna mistari ambayo ngoma imeshaisema. Mistari hiyo ifute. Inauma, nakubali, hasa ikiwa ndiyo uliyoipenda kuliko yote. Shairi langu la dakika nne lilibaki dakika mbili na nusu baada ya mazoezi ya namna hii.

Kubalianeni ishara: mguu, bega, jicho, ya kuingia, ya kupunguza, ya kukata. Na fika mapema siku ya onyesho, kwa sababu ngoma ya ngozi inataka kupashwa moto au jua ili ikaze. Waandaaji wengi husahau hilo, wakashangaa ngoma inatoa sauti ya gunia.

Wapigaji wa ala za zamani ni jambo jingine. Ndono ya Wasukuma, upinde wenye waya mmoja na kibuyu, ina sauti ndogo na nzuri mno. Ukiiweka kando ya ngoma tatu, umeiua. Iwekee kipaza sauti chake karibu na kibuyu, nawe ughani kwa sauti ya kuzungumza. Wanaopiga wengi ni wazee. Usimwendee mzee na bei mdomoni. Nenda mara ya kwanza kusalimia tu, mara ya pili na sukari au sabuni, mara ya tatu useme shida yako, tena ukiwa na mtu anayemfahamu. Na akikupa wimbo, uliza ni wa nani: wake, wa marehemu baba yake, au wa ukoo mzima. Jibu hilo litahitajika kwenye karatasi ninazozitaja hapa chini.

Mshairi na mshairi: mrudieni ngonjera. Ni umbo letu wenyewe, majibizano ya beti kati ya wahusika wenye misimamo inayopingana, lililoenezwa na Mathias Mnyampala. Mimi na mwenzangu tulijenga moja kati ya Sangara na Furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka, na miaka ya 1980 furu wa aina nyingi wakawa wametoweka. Lakini sangara huyohuyo ameleta viwanda, ajira na mabondo, vibofu vyake vya hewa, yanayouzwa mbali. Siri ya ngonjera ni hii: kila mmoja aandike upande asioupenda. Mimi, niliyekulia kwenye supu ya furu, nilipewa Sangara. Ilinibidi nimtafutie hoja za kweli, na kwa mara ya kwanza shairi langu lilikuwa na upinzani ndani yake. Kabla ya kupanda jukwaani tulimwomba mtu anayejua mambo ya samaki asikilize. Aliturekebisha makosa mawili.

Mchoraji na mpiga picha nao wana nafasi, ila usiwaambie wachore unachokisema. Ukisema mtumbwi na nyuma yako umechorwa mtumbwi, mmoja wenu amepoteza kazi.

Karatasi kabla ya studio

Niliwahi kurekodi shairi na mtayarishaji niliyemwamini. Hatukuandikiana chochote. Miezi kadhaa baadaye nikalisikia likiuza bidhaa kwenye tangazo, sauti yangu ikiwa imekatwakatwa, jina langu halipo. Nilipouliza, niliambiwa biti ni yake. Na biti ilikuwa yake kweli. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi: hata mimi sikujua pangu panaishia wapi.

Andikeni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, kabla ya kurekodi. Nani ameandika maneno. Nani ametunga muziki. Ikipatikana fedha, kila mmoja apate asilimia ngapi, kwa tarakimu. Majina yatatajwaje na kwa mpangilio gani. Je, kazi yaweza kuingia kwenye tangazo au kampeni ya siasa, na nani lazima akubali kwanza. Mmoja akitaka kulighani peke yake bila muziki, anaruhusiwa? Wekeni sahihi, tarehe, na shahidi mmoja asiye na maslahi. Kila mtu abaki na nakala. Mwenzako akikasirika kwa kuombwa hayo, heri amekasirika leo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu kazi inapoumbwa, na ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Hata hivyo, kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Kama unataka kufanya sanaa kwa malipo, jisajili pia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Na sheria hiyohiyo inagusa sanaa za jadi, kwa hiyo wimbo wa ukoo usiuandike kama mali yako kwa sababu tu wewe ndiwe uliyeshika kipaza sauti.

Kurekodi kwenyewe kusikusumbue kichwa. Simu nzuri, chumba chenye nguo nyingi na pazia zito, feni imezimwa, saa ambazo watoto wa jirani wamelala. Epuka nyumba ya bati kuanzia Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei. Rekodi mara tatu mfululizo, uchague moja nzima, usiunganishe vipande.

Weka kila toleo la shairi na tarehe yake, pamoja na majina ya waliokuwepo siku hiyo. Shairi la mbalamwezi nililokuonyesha hapo juu lina matoleo saba daftarini mwangu. La tano lina alama ya wino mwekundu kando ya neno "vitupu": mama mmoja pale Kirumba alinisikia nikilifanyia mazoezi, akaniambia kichanja hakiwi kitupu kabisa, siku zote hubaki magamba na mchanga. Toleo la nane nitaliandika nikirudi kwake, mwezi ukijaa.